Pakiti ya Kijani Juu ya Redio

Kabla sijaeleza jinsi nilivyoharibu redio yetu siku mbili kabla ya jaribio, lazima niseme kwamba nilifanya nilichofundishwa. Katika maabara yetu pale Hsinchu, mdogo kuliko wote ndiye msimamizi wa pakiti. Kila mashine ina pakiti yake ya vitafunwa vya mahindi, ya kijani, yenye ladha ya nazi, iliyolazwa juu yake. Jina lililoandikwa kwenye pakiti maana yake ni mtulivu na msikivu, na mashine iliyo chini ya jina hilo hutulia na kusikia. Ya njano haifai, nyekundu ndiyo balaa kabisa. Pakiti haifunguliwi, na zaidi ya yote haitakiwi kupita tarehe yake. Nimewahi kuona kompyuta kuu ya idara ya jirani ikizimika katikati ya mitihani, na watu wazima wenye shahada tatu tatu wakakimbilia kwanza kusoma tarehe ya pakiti.

Basi Jumanne ile, tukiwa tumeshafika milimani, nilisoma tarehe ya pakiti iliyokuwa juu ya redio yetu na kukuta inaisha siku hiyohiyo. Nilikuwa na ya akiba begini, kama watu wengine wanavyobeba dawa ya kichwa. Nikaondoa ya zamani, nikaweka mpya. Nilijisikia mtu makini sana.

Tulikuwa watu wawili. Mimi, Fan Rou-an, ambaye kila mtu huniita A-An, nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili mwezi Juni. Mwenzangu alikuwa Tu Shao-kai, aliyenitangulia miaka minne na aliyekuwa akimalizia udaktari wake. Nilimwita Kaka kama tunavyowaita wote waliotutangulia shuleni. Profesa Gu, mwalimu wetu, alibaki mjini akisubiri simu zetu. Tulilala kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ya kijiji cha Waatayal, wenyeji wa asili wa milima ile, juu kabisa milimani Jianshi, mahali ambapo barabara ilikuwa imekatwa na vimbunga mara mbili mwaka uliopita, na waya wa mawasiliano mara tatu.

Redio ndiyo iliyotupandisha huko. Bonde lile lilikuwa limepewa masafa mamoja tu, membamba, ya kuunganisha zahanati na hospitali ndogo ng'ambo ya bonde. Redio za kawaida zikipewa masafa mamoja hupokezana: huyu aseme, yule asikie, kisha wabadilishane. Yetu ilisema na kusikia kwa wakati mmoja, kwenye masafa yaleyale. Ni sawa na kuimba kwa sauti ya juu huku unamsikiliza mtu anayenong'ona upande wa pili wa bonde. Unaweza, ila lazima uijue sauti yako mwenyewe barabara, ili uitoe masikioni mwako na ubaki na mnong'ono. Kazi hiyo ya kuitoa tulikuwa tumeipima maabara mwezi Agosti kwa vyombo vya bei kubwa, tukaifunga kwa skrubu, tukapakia redio garini.

Alhamisi saa nne asubuhi afisa wa afya wa wilaya angekuja kuitazama. Akiridhika, redio ingebaki na vijiji vingine vinne vingepata za kwao. Asiporidhika, ingeshuka nasi Ijumaa. Mtu aliyehusika zaidi na jambo hilo alikuwa Sayun, binti wa miaka ishirini na sita mwenye mimba ya miezi saba. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, karibu na njia ya mtoto, na daktari alitaka kulitazama kila wiki. Bila redio, kila wiki ilimaanisha saa tatu za kona kwenye barabara yenye mawe yanayoporomoka, au kuhamia mjini mpaka ajifungue na kuliacha shamba la mipichi kwa mama mkwe asiyeweza kupanda ngazi. Sayun hakuwahi kutulalamikia. Alikuja tu kila asubuhi, akalala kitandani, akainua fulana, akasema, "Haya, mpigeni picha bwana mkubwa."

Nesi wa zahanati aliitwa Pitay, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mipana na kicheko cha chinichini. Nilimwita Shangazi kuanzia saa ya kwanza. Yeye ndiye aliyeshika mashine ya ultrasaundi tumboni mwa Sayun, na picha zikavuka bonde hadi kwa Daktari Nie kule hospitalini. Wakati huohuo uso na sauti ya daktari vilivuka kuja kwetu. "Sogeza kushoto kidogo," angesema, na Shangazi angesogeza mara moja, bila kungoja zamu. Hapo ndipo faida ya redio yetu ilipoonekana. Kwa zile za kupokezana, Shangazi alikuwa anasogeza mkono, na amri inafika wakati mtoto ameshageuka.

Jumatano tulifanya jaribio la mazoezi. Hadi saa tatu na nusu kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha picha zikaanza kukwama. Kasi yetu ya kutuma ina ngazi tisa. Kasi ni kama kumsomea mtu barua: ukiliamini sikio lake unasoma haraka, usipoliamini unasoma neno kwa neno. Tulikuwa ngazi ya tisa. Tukashuka ya saba, ya nne, ya pili, ya kwanza. Kufikia saa nne kasorobo, picha ya mtoto wa Sayun ilikuwa inashuka kwenye skrini ya daktari mstari mmoja mmoja, kama pazia linalovutwa na mtu mwenye usingizi. Kaka Shao-kai alimpigia simu fundi wa hospitali amuulize kama wamegusa kitu. Hawakugusa. Saa tano na robo, tukiwa tumeshakata tamaa, redio ikapanda yenyewe hadi ngazi ya tisa na kukaa hapo kama vile haijawahi kutenda kosa.

"Ukungu," alisema Kaka Shao-kai.

Hakukuwa na ukungu hata wa kufunika mgomba.

Wakati wa chakula cha mchana sikula sana, ingawa Shangazi alikuwa amekaanga soseji zenye pilipili ya mlimani, ambazo kwa kweli sina nguvu ya kuzikataa. Nilifungua kumbukumbu za redio kwenye kompyuta. Kila sehemu ya mia ya sekunde, redio yetu huandika kiasi cha sauti yake yenyewe kilichobaki masikioni baada ya kutolewa. Mimi ndiye niliyeomba iandike hivyo, kwa ajili ya tasnifu yangu. Mchoro ulionyesha mabaki yakipanda saa tatu na dakika thelathini na tano, yakikaa juu, kisha yakishuka saa tano na dakika kumi. Nikainua macho kutazama rafu ya dirishani, redio ilipokuwa imekaa na antena yake bapa ikitazama bonde. Jua lilikuwa limeshahama kwenye rafu.

Pakiti ilikuwa juu ya redio, karibu kabisa na antena. Nikaigusa. Ilikuwa bado na joto, na imevimba kama shavu la mtu anayepuliza tarumbeta. Ndani ya pakiti zile kuna karatasi inayong'aa ya madini, na huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo pakiti mpya huvimba hata kivulini. Jua likiipiga huvimba zaidi. Na kila inapobadilisha umbo, sauti ya redio hugonga kwenye kioo hicho kidogo na kuirudia redio kwa njia nyingine.

Nikaiondoa. Mabaki hayakushuka. Yalipanda zaidi.

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa muda, na polepole nikaelewa. Mwezi Agosti, tulipoipima redio maabara kwa vyombo vya bei kubwa, ilikuwa na pakiti juu yake. Bila shaka ilikuwa nayo. Nani angethubutu kuipima bila pakiti? Tulikuwa tumeifundisha redio sauti yake mwenyewe pamoja na mwangwi wa pakiti moja ya zamani, iliyolegea, iliyopungua hewa. Pakiti ile sasa ilikuwa sehemu ya redio, kama antena na kama skrubu. Nami nilikuwa nimeitoa kwa sababu ya tarehe.

Nikamwendea Shangazi Pitay jikoni, nikamuuliza ameiweka wapi ile ya zamani.

"Nimeila," alisema.

"Shangazi, ilikuwa imeisha muda."

"Imepita siku moja. Mimi mwenyewe nimepita miaka mingapi na bado nafanya kazi?" Akanitazama vizuri. "Ulikuwa unaitaka? Nilikula na kahawa. Ilikuwa imelainika kidogo."

Nilimweleza Kaka Shao-kai nje, penye ngazi, kwa sababu sikutaka Sayun asikie. Nilisema kila kitu tangu mwanzo: tarehe, pakiti mpya, jua, Agosti, kahawa ya Shangazi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama nina uhakika, nikamwonyesha mchoro. Akakaa ngazini akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Shahada tano kwenye mradi huu," alisema, "halafu tunaangushwa na vitafunwa."

Kisha akanyanyuka na kuwa Kaka Shao-kai niliyemzoea, mtu wa kutafuta njia fupi. Alisema hakuna tatizo. Jua ndilo linaloharibu, basi tutafunga pazia. Pakiti ikiwa baridi, redio inafika ngazi ya tisa, wenyewe tumeona. Kesho saa tatu tunavuta pazia, afisa anakuja, anaona, anaondoka. Wiki ijayo tunarudi na vyombo na kupima upya.

Ilikuwa njia nzuri, na ingefaa. Ndiyo maana haikuwa rahisi kuipinga.

"Kaka, tukishaondoka, rafu ile itabaki kuwa rafu," nilisema. "Shangazi ataweka birika. Mtoto wa mtu ataweka kopo la maziwa. Leo ni pakiti, wiki ijayo ni kitu kingine. Tutarudi kupima upya mara ngapi?"

"Tutaandika karatasi. Usiweke kitu hapa."

"Dirisha pekee lenye rafu kwenye zahanati nzima, nawe unataka kuandika karatasi."

Alijua nilikokuwa naelekea, kwa sababu jambo hilo lilikuwa kati yetu tangu Februari. Ndani ya redio kulikuwa na kanuni mbili za kuchagua kasi. Iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya kwake, na ndiyo kanuni ya redio zote za kupokezana: nikituma ujumbe na jibu la "nimepokea" lisirudi, nadhani sikusikika, basi nashuka ngazi moja. Ya kwangu ilikuwa imezimwa. Mwalimu alisema ni nzuri kwenye karatasi, tuiache ikomae.

Tofauti yake ni ndogo, na nimeshaielezea kwa watu wengi kwa mfano wa pikipiki, kwa sababu pikipiki ndiyo iliyonipa wazo. Chukua mtu aliyevaa kofia ngumu huku injini yake inanguruma. Anamwambia jambo mwenzake aliye kando ya barabara. Mwenzake amesikia vizuri na anajibu "sawa." Lakini wa kwenye pikipiki haisikii ile "sawa," kwa sababu ya mngurumo wake mwenyewe. Anadhani hakusikika. Anaanza kusema silabi moja moja, mwishowe hasemi kitu cha maana. Kosa halikuwa kwenye ulimi wake, lilikuwa kwenye sikio lake. Anayetakiwa kusema polepole ni yule wa kando ya barabara. Redio inayosema na kusikia kwa wakati mmoja huwa kwenye pikipiki siku zote. Kwa hiyo kanuni yangu haikuhesabu majibu yaliyopotea. Kila redio ilipima mabaki ya sauti yake yenyewe, kisha ikaiambia ya pili, ndani ya ujumbe uleule: mimi sasa nakusikia hadi ngazi hii. Kasi yako inaamuliwa na sikio langu, na kasi yangu na sikio lako.

Asubuhi ile, sikio la zahanati ndilo lililozibwa na pakiti. Hospitali ilikuwa inapokea picha zetu vizuri kabisa. Redio yetu haikuzisikia zile "nimepokea," ikazipunguza picha za Sayun hadi ngazi ya kwanza bila sababu yoyote duniani.

Tukampigia Mwalimu. Kaka Shao-kai aliweka simu katikati yetu juu ya ngazi na kuniachia mimi niseme. Profesa Gu ana sheria moja isiyoandikwa popote: siku ya mwisho kabla ya maonyesho, hakuna anayegusa kitu. Nilijua sheria hiyo nilipofungua mdomo. Nilimweleza kosa langu kwanza, la pakiti, kisha makosa ya kanuni, kisha nikamwomba aniruhusu kuwasha ya kwangu.  Aliuliza jambo moja tu.

"Shao-kai anasemaje?"

Kaka Shao-kai aliitazama simu. Alisema kwamba hajui bado, kwamba anataka kuona kwa macho yake, na kwamba atajibu kabla ya saa kumi na moja.

"Basi nitafuata jibu lako," alisema Mwalimu, na akakata.

Nilikuwa na hakika. Sijui niseme vipi bila kuonekana ninajisifu, lakini nilikuwa nimeishi na kanuni ile kwa miezi kumi na minane, nilikuwa nimeijaribu usingizini, na nilijua itashika kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwao gizani. Kilichokuwa kinanitia wasiwasi ni Kaka Shao-kai, maana nilikuwa ninamwomba azime kazi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Shangazi ndiye aliyetupa jua. Tulihitaji pakiti ivimbe tena, na jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba. Alileta mfuko wa mpira wa maji ya moto anaowapa wenye maumivu ya tumbo, akauweka nyuma ya pakiti, akarudi nyuma na kukunja mikono. Pakiti ikaanza kujaa taratibu. Kaka Shao-kai alianza na kanuni yake. Nane, sita, tatu, moja. Aliiachia ikae kwenye ngazi ya kwanza kwa dakika nzima, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Kisha akawasha ya kwangu.

Uso wa fundi wa hospitali, aliyekuwa amekaa mbele ya kamera akila tambi za mchele, ukaharibika na kuwa vipande vya mraba. Ngazi ya tano kutoka kwao kuja kwetu. Lakini kutoka kwetu kwenda kwao, tisa, tisa, tisa.

"Mnaonaje huko?" aliuliza Kaka Shao-kai.

"Nawaona safi," alisema fundi, na sauti yake ilifika nzima. "Mbona mimi mnaniangalia kama mmeona mzimu?"

Kaka Shao-kai alirudia jaribio mara nne zaidi. Alipeleka mfuko wa maji karibu, akautoa, akaweka kiganja chake mbele ya antena, akasimama na kupita. Saa kumi na nusu alinigeukia.

"Mdogo wangu," alisema, "ile ya kwangu ilikuwa inajilaumu tu." Akampigia Mwalimu mwenyewe, na sikusikia walichosema, kwa sababu alitoka nje hadi kwenye mipichi.

Alhamisi kulikuwa na mawingu. Jua halikufika kwenye rafu kabisa, na pakiti ilikaa pale imetulia kama jina lake linavyodai. Kaka Shao-kai alitazama nje, akaniambia kwamba mbingu zimenipa pazia na kwamba kelele zote za jana zilikuwa za bure. Alikuwa ananitania, lakini nilijisikia vibaya kidogo. Ningependa jua litoke, sio kwa ajili yangu, ila nilitaka redio iwe imepita mtihani wa kweli.

Afisa alifika saa nne na dakika tano, Bwana Zhong, mtu mwembamba mwenye viatu vilivyojaa tope. Barabara ilikuwa imemshusha garini mara mbili. Alisalimia kila mtu kwa jina la kazi yake, akamuuliza Sayun kama anaruhusu watu hawa wote wawepo, na Sayun akasema tumbo lake limeshazoea hadhara. Afisa akatafuta mahali pa kuweka chupa yake ya chai. Ilikuwa chupa ya chuma, nene, inayong'aa, ya kuhifadhi joto, kama kila mtu wa ofisi wa umri wake anavyobeba. Kitanda kilikuwa kimejaa, meza ilikuwa na mashine. Akaiweka kwenye rafu ya dirishani, shubiri moja kutoka kwenye antena yetu.

Niliona mkono wa Kaka Shao-kai ukinyanyuka ili aiondoe. Kisha ukashuka.

Kwenye kompyuta yangu mabaki yaliruka juu kuliko jana, kuliko jua na maji ya moto vikiwekwa pamoja. Uso wa Daktari Nie, uliokuwa wazi hadi mvi za nyusi zake, ukavunjika. Ngazi ya tisa, ya tano, ya tatu kutoka kwake. Ikakaa kwenye ya tatu. Upande wetu haukusogea hata chembe.

"Daktari, umepotea uso," alisema Shangazi Pitay, mkono wake bado uko tumboni mwa Sayun.

"Mimi nawaona vizuri sana. Endelea. Teremka kidogo. Hapohapo, simama."

"Uso wako tunaujua," alisema Shangazi. "Wewe tuazime macho tu."

 Kwenye skrini ndogo ya mashine niliona kivuli cheupe ambacho wiki zote zile nilikuwa nimefundishwa kukitafuta, na nilidhani nakosea, kwa sababu hakikuwa mahali pake pa kila siku. Daktari alimwomba Shangazi ageuze mkono, kisha arudi. Kila aliposema neno, mkono ulikuwa umeshasogea kabla hajalimaliza, na picha ya pili ilikuwa imeshafika kwake. Alimwambia Sayun avute pumzi, ashikilie, aachie.

"Sayun," alisema, "kondo limepanda. Limepisha njia kwa vidole vitatu. Tutaangalia tena baada ya wiki mbili, lakini kwa ninavyoona leo, huna haja ya kuhama."

 Sayun alitazama dari, na machozi yakateremka pembeni hadi masikioni, akacheka kwa sababu yalikuwa yanamtekenya. Shangazi alimfuta kwa karatasi ileile ya kufutia tumbo.

Bwana Zhong alikuwa amesimama nyuma yetu. Akachukua chupa yake ili anywe, na mvi za nyusi za daktari zikarudi. Akanywa chai, akairudisha chupa palepale. Uso ukavunjika. Nilimwona akitulia, akiitazama skrini, kisha rafu. Akainyanyua tena chupa. Akaiweka. Mara ya tatu aliifanya polepole sana, kama mtu anayejaribu swichi kwenye nyumba ngeni.

"Hii ni chupa yangu inayofanya hivi?" aliuliza.

Kaka Shao-kai alinitazama, nami nikajibu. Nilimwambia ndiyo, ni chupa yake, na kwamba tangu Jumanne ilikuwa pakiti ya vitafunwa niliyoiweka mwenyewe. Nilimweleza kwamba redio inapozibwa sikio na kitu chochote kilichowekwa karibu, humwomba mwenzake aseme polepole, lakini yenyewe haipunguzi inachotuma, kwa hiyo picha za mgonjwa hufika. Nilimwambia pia kwamba jana asubuhi haikuwa hivyo, kwamba ilianguka kabisa, na sababu yake. Sikuona faida ya kumficha. Aliuliza kama ingekuwa bora kuweka ilani kwamba rafu isitumike.

"Bwana, watu wa hapa watakuwa wanaishi nayo," nilisema. "Redio ndiyo inayotakiwa kuwazoea."

Alimtazama Shangazi Pitay, ambaye alikuwa anamsaidia Sayun kukaa.

"Kwa hiyo naweza kuiacha chupa hapa?"

"Iache."

Akaiacha. Alikaa nasi saa moja na nusu zaidi, akauliza kuhusu umeme, kuhusu betri wakati wa kimbunga, kuhusu nani atamfundisha nesi wa kijiji kinachofuata, na Shangazi akasema atamfundisha yeye mwenyewe, hawa watoto wanaeleza kwa pikipiki. Alipokunja karatasi zake aliniambia vijiji vinne vilikuwa kwenye orodha, na kwamba anafikiria kuongeza cha tano kilichoko ng'ambo ya kigongo, kama tunaweza kuvumilia barabara. Kaka Shao-kai alijibu kabla yangu kwamba tunaweza.

Ijumaa tulishuka na gari tupu. Redio ilibaki.

Tulirudi Novemba na vyombo vya kupima, tukaipima upya ikiwa na kila kitu kilichokuwa kwenye rafu siku ile, na kanuni ya Kaka Shao-kai tukaihamishia kazi nyingine inayoiweza, ya kuchagua kasi redio mbili zinapoanza kusalimiana kabla hazijajuana masikio. Kwenye karatasi yetu ya vipimo sasa kuna mstari unaosema: andika tarehe na hali ya pakiti. Profesa Gu aliusoma, akauacha.

Mwezi Desemba, wiki moja baada ya Sayun kujifungua mtoto wa kike wa kilo tatu, Shangazi Pitay alinitumia picha ya rafu. Kulikuwa na birika, kopo la maziwa ya unga, mmea wa miiba kwenye kikombe kilichovunjika mkono, soksi mbili ndogo zinazokauka, na juu ya redio pakiti ya kijani. Alikuwa ameizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameandika kwamba hiyo ni yake ikifika siku, nisithubutu kuja kuichukua. Nilifungua kumbukumbu za redio nikiwa maabara na kutazama saa ileile iliyoandikwa kwenye picha. Kutoka hospitali kuja, ngazi ya sita. Kutoka zahanati kwenda, tisa.